Jina Lisilotajwa Langoni

Fleti namba 9, Bhayi
6 Julai 2015

Dada yangu mpendwa Nonceba,

Naomba radhi kwa kuchelewa kwa barua hii, na kwa kuwa nakufahamu, naomba radhi mapema kwa urefu wake. Huku baridi imetushika, na upepo wa Bhayi unawavua watu kofia bila kuwaamkia. Mwanangu Mzoxolo yumo baharini na chombo chao cha kuvua ngisi. Mkewe, MaBhele, hajambo, na anakusalimu kwa magoti yote mawili. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake.

Sasa niingie katika jambo lenyewe, ijapokuwa ningependa kulizunguka kidogo zaidi. Mzoxolo aliniletea simu mpya kabla ya kuondoka, na laini yangu ikawa kubwa kuliko tundu lake. Mtu mwenye akili angengoja mwanawe arudi. Mimi niliutwaa mkasi wa kushonea wa marehemu mke wangu, nikavaa miwani, nikaipunguza ile laini kama mtu anayepunguza kola ya shati. Niliipunguza pamoja na kile kipande chake cha rangi ya dhahabu. Simu sasa ni nzuri sana, na haijalia hata mara moja.

Nisingekusumbua kwa upumbavu huu kama namba ile isingekuwa ndiyo iliyoandikwa katika faili lako hospitalini, siku zile ulipokuja kumuuguza marehemu nami nikakupeleka kupimwa macho. Unakumbuka walivyosema: zamu yako ya kuondolewa mtoto wa jicho ikifika watapiga simu, na wasipompata mtu watampigia anayefuata, na wewe utarudi mkiani mwa foleni. Nimekwenda kuomba waandike namba nyingine. Wamesema kwa upole kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye afike kuibadilisha. Namba ya MaBhele ulikwisha kuikataa wakati ule, ukisema habari za mwili wa mkubwa hazitangulii katika sikio la mkwe. Sikubishana nawe. Sijapata kubishana nawe nikashinda.

Lakini usihofu. Kampuni ya simu italeta laini mpya yenye namba ileile mpaka hapa kwenye jengo letu, kwa mkono wa mpeleka vifurushi. Wanasema ni jambo jepesi mno.

Mdogo wako mtiifu,
Eleaza


Cala
30 Julai

Mdogo wangu,

Niko hai. Mbuzi wamezaa vizuri. Mchungaji mpya anahubiri kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Umekata laini kwa mkasi. Mama alikuwa akisema ulizaliwa umekunja ngumi, wakaikunjua, wakakuta hamna kitu.

Mambo ya macho yangu yasikunyime usingizi. Naona ninachotaka kukiona. Simu huku ni ya kupanda juu ya ukuta wa zizi ndipo mtandao ukupate, na mimi kupanda nimeacha. Nampa barua hii dereva wa basi. Nawe fanya vivyo hivyo.

Nonceba


Fleti namba 9, Bhayi
14 Agosti 2015

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika salama mkononi mwa dereva, pamoja na siagi, ambayo nakiri nimeila kwa kijiko. Nimependezwa na mwandiko wako, ambao umekuwa mkubwa na wa kifahari: maneno manne tu, na mstari umejaa.

Naona haya kukuarifu kwamba laini ilikuja na ikarudi. Nilikuwa bafuni, nina povu masikioni, naimba tenzi. MaBhele alikuwa jikoni, akaitikia kile chombo cha ukutani cha kuzungumza na mtu aliye langoni. Nakuandikia mazungumzo yao kama alivyonisimulia, kwa kuwa mimi sina uwezo wa kuyaboresha.

"Fleti tisa? Nina kifurushi chenu."

"Karibu, kaka."

"Cha nani?"

"Cha Baba."

"Baba ana jina?"

"Analo."

"Litaje basi, dada, nipande."

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua sana. Anza wewe, mimi nitaitikia ndiyo."

"Nikianza mimi, hata mwizi ataitikia ndiyo. Watu wanaibiwa laini zao kila siku. Kwetu sharti ni moja, wa ndani ataje jina lote."

"Kaka yangu, wewe umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana."

Kijana akaondoka. Nilipotoka bafuni nilikuta ameacha karatasi langoni: *Mpokeaji hajulikani katika nyumba hii.* Miaka kumi na minane nimekuwa mzee wa kanisa, nikijitahidi kuishi bila majivuno. Karatasi ile imenisaidia kuliko mahubiri yote.

Sikuweza kumkaripia MaBhele. Ni mimi niliyesimama siku ya harusi yao, mbele ya kanisa zima, nikamshukuru Mungu kwamba katika siku hizi bado yuko bibi arusi asiyelitamka jina la baba mkwe. Wamisionari walitufundisha kwamba desturi hiyo ni giza. Niliandika insha juu ya giza hilo, nikazawadiwa Biblia. Kisha nikazeeka, nikapata mkwe wa kunistahi, na giza likaanza kunipendeza.

Nilimwita nikamwambia, "MaBhele, mwanangu, langoni nakuruhusu."

Akainamisha macho. "Baba, wewe ndiwe jina. Jina halijiruhusu. Aliyenikalisha mkekani akanifunga mdomo ni Shangazi."

Nami nakumbuka ulivyomkalisha mchana kutwa. Kwa hiyo, Dada, kwa unyenyekevu wote, na kwa kuwa shangazi ndiye mwenye neno juu ya mke wa mtoto wetu, nathubutu kuuliza kama ungeweza kumfungua kidogo. Laini ya pili nimekwisha kuiagiza.

Eleaza


Cala
9 Septemba

Mdogo wangu,

Mvua imegoma. Mbuzi mmoja kala kofia yangu nyeupe ya Umoja wa Wanawake wa kanisa, nikaenda mkutano wa Alhamisi na kitambaa kichwani kama mtu aliyekuja kupiga deki.

Yule mkwe amefanya vyema. Mpe kipande kizuri cha nyama.

Laini itakuja tu. Haina haraka.

Nonceba


Fleti namba 9, Bhayi
28 Septemba 2015

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa kofia. MaBhele amenunua kitambaa cheupe na anakushonea nyingine. Nyama ya heshima nilimpa, akaipika na umngqusho wa mahindi na maharage, akanirudishia mimi kipande chenyewe.

Niliona katika barua yako kwamba ombi langu halikupata jibu, nikaamua kutokumsumbua mwanamke yeyote tena. Siku waliyoahidi kuleta laini ya pili nilivaa suti ya Jumapili, nikateremka na kiti cha jikoni, nikaketi ndani ya lango tangu asubuhi. MaBhele alikuwa amekwenda sokoni. Nilijiona nimewazidi maarifa watu wote wa jengo hili.

Kijana akaja na pikipiki, akavua kofia yake ngumu, akabonyeza kitufe ukutani. Sikutazama ni kitufe gani, kwa kuwa kuchungulia kidole cha mtu si adabu. Akasubiri. Nikaona si vema kijana asimame hapo bila salamu.

"U hali gani, mwanangu? Kwenu wapi?"

"Njema, mzee. Kwetu Tsomo."

"Ukoo gani?"

"Mimi ni Mqwathi."

"Dikela!" nikasema, nikimsifu kwa jina la ukoo.

"Noni! Nawe, mzee?"

"Hapa umefika. Mimi ni Dikela vilevile."

Dada, tulikumbatiana kupitia nondo za lango. Tulipanda pamoja mpaka kwa babu wa babu, tukakuta ng'ombe wa kwao na wa kwetu walinywa mto mmoja. Aliniita Baba Dikela, nikamwita mwanangu, na kwa furaha ile sikumwambia jina nililobatizwa, wala hakuuliza. Nani anamuuliza baba yake jina? Akabonyeza tena kitufe. Kimya.

"Hawa watu hawapo, Baba Dikela. Mara ya pili sasa naletewa taabu na nyumba hii."

"Watu wa mjini ni wazembe," nikamwambia.

"Mno."

Akaniaga kwa mikono miwili, akaondoka na laini yangu mfukoni. Nilipanda ngazi nikiwa na furaha kubwa, na nilikuwa nimekwisha kuvua viatu ndipo nilipojiuliza ni fleti ipi iliyokuwa na wazembe hao. Nililala bila kula. MaBhele hakucheka, lakini alikaa jikoni muda mrefu na mlango umefungwa.

Kesho yake nilikwenda hospitalini. Muuguzi amenieleza kwamba mwezi huu walikwisha kupiga mara moja, wasipate mtu. Watapiga tena watakapopanga orodha ya mwisho ya mwaka, mwishoni mwa Novemba. Wakikukosa hapo, faili lako litarudi nyuma kabisa.

Tafadhali nisamehe kwa neno moja zaidi. Katika barua yako ya mwisho, mwisho wa kila mstari haumo katika karatasi. Nimeyakisia maneno yaliyokosekana, lakini nadhani yenyewe yamebaki juu ya meza yako. Huenda ni karatasi iliyopungua.

Eleaza


Cala
19 Oktoba

Mdogo wangu,

Karatasi za siku hizi ni nyembamba.

Habari ya Mqwathi wa Tsomo nimemsomea mchungaji kwa kichwa, maana barua sikuwa nayo karibu. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kijiji kizima kinakuita Mzembe wa Fleti Tisa.

Mke wa mwenye duka anasema huko hospitalini wanakukata ukiwa umefumbua jicho, kisu unakiona kinavyokuja. Nakupa tu kama habari. Mimi hainihusu.

Mkwe usimlazimishe. Nilichokifunga kwa mdomo wangu sitakifungua kwa barua.

Nonceba


Fleti namba 9, Bhayi
2 Novemba 2015

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea cheo kipya kutoka kijijini na nitajitahidi kukistahili. Mzoxolo alikuja nyumbani kwa siku chache, akasikia yote, akacheka kidogo, akaagiza laini ya tatu kwa jina langu. Ametakiwa arudi baharini kabla haijafika. Itakuja katikati ya mwezi huu, na kampuni imesema baada ya hii hawataleta nyingine.

Nina habari za jirani yetu Mama Gcaleka wa fleti namba nne, ambazo hazikuhusu. Alitolewa mtoto wa jicho mwezi Mei. Anasema hakuona kisu chochote. Aliona mwanga kama taa iliyo nyuma ya pazia, na muuguzi alimshika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Walipomfungua bandeji alimtazama mumewe, akauliza huyu mzee ni nani. Hilo ndilo lalamiko lake pekee. Nakupa tu kama habari.

Umesema hutakifungua kwa barua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, maana nina nafasi, simu yangu hailii. Naona umeikataa barua tu. Njia nyingine hukuitaja.

Sikualiki, kwa kuwa nikikualika utakataa. Natoa taarifa tu kwamba kitanda cha chumba cha mbele kimetandikwa, na basi la Cala linafika hapa Jumapili jioni.

Eleaza


Cala
10 Novemba

Mdogo wangu,

Nakuja na basi la Jumapili. Nakuja kutaja jina. Siji kwa macho, na mtu asinizungumzie macho. Nikishataja narudi na basi la Alhamisi.

Usije kituoni na suti.

Nonceba


Fleti namba 9, Bhayi
21 Desemba 2015

Dada yangu mpendwa,

Natumaini basi lilikufikisha salama na mbuzi wamekutambua, wewe na kofia mpya. Mzoxolo yuko nyumbani kwa sikukuu na amelala tangu juzi.

Umenikataza kukushukuru, nami nitatii. Lakini naomba ruhusa ya kukuandikia habari za siku ile ya laini. Najua ulikuwapo, hukuona, na sasa muuguzi amesema unaweza kusoma bila msaada wa mtu. Ingekuwa dhuluma watu wote wa jengo hili waijue habari hiyo kwa macho, na wewe uijue kwa masikio tu.

Kengele ilipolia ulikuwa umeketi tayari, umevaa blauzi nyekundu ya Umoja kana kwamba unakwenda kupokea sakramenti. Ulisimama ukasogea ukutani, ukaanza kuzungumza na swichi ya taa. MaBhele alikushika mabega, akakugeuza taratibu mpaka kwenye chombo chenyewe, kisha akaziba masikio yake, asije akasikia kwa karibu mno.

"Fleti tisa? Kifurushi hiki ni cha nani?"

"Kwanza wewe ni wa nani?"

"Mama, mimi naleta tu vifurushi."

"Basi fungua masikio. Ni cha Eleaza Zwelakhe Sontsi, mtoto wa Mhlobo, Dikela, Noni, Ntswayibane, aliyeogopa kuku mpaka alipokwenda jandoni."

"Jina tu linatosha, mama."

"Kwa nini nikupe nusu ya mtu?"

Hukuona milango iliyofunguka. Mama Gcaleka alitoka na mwiko mkononi, na mumewe mzee nyuma yake. Tangu siku ile, watoto wa ghorofa ya tatu wakiniona ngazini huwika.

Wala hukuniona mimi. Nilikuwa katika ujia, kitambulisho mkononi, na ilinipasa niwe nimekwisha kuteremka. Hapa naitwa Baba, kanisani naitwa Mzee, mitaani naitwa Dikela, na kila mtu ananistahi vizuri mno. Sikuwa nimelisikia jina langu lote likitajwa kwa sauti ndani ya nyumba tangu marehemu alipoondoka, yeye aliyekuwa akilitaja akikasirika tu. Nikahitaji kusimama kidogo. Uliponiita mara ya pili, ukiuliza kama nimekufa, goti lilikubali kutembea.

Langoni yule kijana alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi.

"Baba Dikela. Siku ile ulikuwa umeketi papa hapa."

"Nilikuwapo."

"Tukasema watu wa fleti tisa ni wazembe."

"Tulisema."

"Tulikosea?"

"Hatukukosea, mwanangu."

Kuna jambo jingine ambalo hukuliona, au labda ulidhani hatukuliona sisi. Muda wote ulipokuwa ukimtangazia kijana ukoo wetu kwa sauti ile kubwa, mkono wako wa kushoto ulikuwa umeshika aproni ya MaBhele, umeizungusha kama kamba ya ndoo, na ulikuwa ukitetemeka. Hukuiachia hata maneno yalipokwisha. Ndipo nilipojua kwa nini uliniandikia kwamba laini haina haraka. Sikusema neno, na sisemi sasa, naandika tu.

Alhamisi asubuhi ulitaka basi. Utakumbuka kwamba viatu vyako havikuonekana. MaBhele hawezi kubishana na shangazi wa mumewe, kwa hiyo aliviosha. Aliviosha ndani na nje, kwa maji mengi, akavianika upande usiofika jua. Ijumaa vilikuwa bado vibichi. Jumamosi alisema vina doa, akaviosha tena. Sikupata kuona heshima yenye nguvu namna ile.

Jumatatu simu ikalia. Naomba radhi kwa muuguzi yule, kwa kuwa kwa furaha nilimsalimu, nikamuuliza hali ya hewa, nikamtakia baraka za Majilio, na nilikuwa naelekea kumuuliza ukoo wake alipolazimika kunikatiza.

Na pale kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, walipouliza nani atakwenda nawe mpaka ndani, niliupanga mkono wangu tayari. Uliupapasa, ukaujua, ukauachia. Ukasema, "Huyu ataanza kumwomba radhi daktari. Niitieni mkwe." Yule ambaye habari za mwili wako zisingetangulia katika sikio lake. Niliketi kwenye benchi nikiwa nimedhalilika kwa namna iliyonifariji sana.

MaBhele anashika agizo ulilomwachia kituoni: langoni ataje, jikoni nibaki Baba. Juzi alikuja mleta dawa zangu. Nilimsikia akilitamka jina langu ukutani, polepole, kama mtu anayepita na yai kwenye kijiko. Kisha akaja akapiga goti kuniomba msamaha. Nilimwambia amelitamka vizuri kuliko wamisionari.

Mdogo wako,
Eleaza


Cala
4 Januari 2016

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, dirishani, bila kumwita mtu. Nimegundua jambo. Miaka hii yote nilikuwa nayalaumu macho yangu, kumbe mwandiko wako ndio mbaya. Utaona mimi nimeandika kwa herufi ndogo na mistari imenyooka. Karatasi za mwaka huu ni pana.

Nimejitazama kiooni. Mwambie mume wa Mama Gcaleka tuko wengi.

Mkono haukutetemeka. Aproni ilikuwa na uzi uliotoka, nikawa naurudisha. Mwambie MaBhele hivyo. Yeye atanyamaza, nilimfundisha mimi.

Viatu vimepauka. Navivaa hivyo hivyo, na wanawake wa Umoja wakiuliza nawaambia vimeoshwa na mkwe wangu.

Simu yako iwe ya hospitali. Mimi niandikie, nataka kusoma. Jicho la pili wamesema ni Juni, na watapiga namba ileile. Kwa hiyo ule mkasi wa marehemu mpe MaBhele auhifadhi. Usimuulize ameuweka wapi. Hatakutajia.

Dada yako,
Nonceba